Pampu Ndogo na Petroli ya Elfu Kumi

Pampu ya mafuta ya gari dogo kama Toyota IST ukiishika mkononi vidole vinafunga. Upana wake ni milimita 38 hivi, na humo ndani kuna mota, pampu yenyewe, vali na njia ya kupitisha petroli. Mafundi wengi tumeizoea kama kitu cha kutoa na kuweka: imekufa, leta nyingine, mteja alipe aende zake. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, gereji yangu iko Goba, Dar es Salaam, na kila pampu iliyokufa mikononi mwangu naipasua kabla ya kuitupa. Kwa kuzipasua hizo nimemwelewa aliyeichora. Aliweza kuifanya ndogo kiasi kile kwa sababu kazi nyingi aliikabidhi petroli. Petroli ndiyo inayoipoza na ndiyo inayoilainisha. Ukiinyima petroli, umeing'oa kiungo.

Tuanzie ndani. Ukikata ukingo wa ganda kwa msumeno wa chuma, cha kwanza kutoka chini ni kisahani cha plastiki ngumu chenye ukubwa wa sarafu, ukingoni kimechongwa meno madogo pande zote mbili. Kisahani hiki kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika katikati ya mifuniko miwili, na nafasi iliyopo kati yake na kila mfuniko ni nyembamba kuliko unywele. Kila jino linairusha petroli kwenye mfereji uliochimbwa kwenye mfuniko, petroli inarudi kwenye shina la jino linalofuata, inarushwa tena, na kila ikirushwa inaongeza presha. Inaingia upande mmoja, inazunguka karibu duara zima, inatokea upande wa pili ikiwa na presha ya kama baa 3. Hakuna pistoni, na kisahani hakikusudiwi kusuguana na chochote. Ndiyo maana abiria wa kiti cha nyuma ameikalia na haisikii. Pampu za umeme za mwanzo za magari ya sindano, kama zile za mfumo wa Bosch wa mwaka 1967, zilisukuma kwa roli za chuma, zilikaa nje ya tanki na zilipiga kelele.

Petroli ikitoka kwenye kisahani haiendi moja kwa moja kwenye bomba. Inapita ndani ya mota, kati ya sumaku na nyaya za shaba, pale pale kaboni (brashi za mota) zinapotoa cheche. Wateja nikiwaonyesha hapo hushtuka. Lakini cheche peke yake haiwashi. Lazima kuwe na hewa, na kwa kipimo. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Ndani ya pampu iliyojaa petroli hewa haipo, na juu ya petroli tankini mvuke kwa kawaida ni mzito kupita kipimo hicho.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu utadhani nasimulia hisia. Pampu ikisukuma lita 100 kwa saa kwa presha ya baa 3, kazi halisi inayofanyika ni wati 8 na kitu. Umeme inaovuta ni ampea 4 hadi 5 kwa volti 12, yaani wati 50 na ushee. Wati zaidi ya 40 zinageuka joto ndani ya kopo la upana wa milimita 38! Mota ya namna hiyo ukiiweka hewani ingehitaji mapezi ya kupozea, au iwe kubwa zaidi. Ndani ya petroli inayotiririka haihitaji kitu: mafuta yakipita yanapanda joto kama nyuzi moja tu, yanaondoka nalo. Hapo ndipo udogo wake ulipopatikana.

Joto hilo, hata hivyo, linabaki tankini, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yanayosukumwa hayaendi kuchomwa, regulata ya presha inayarudisha. Tanki likiwa na lita 40, joto la pampu peke yake lingelipandisha nyuzi mbili na nusu kwa saa. Likiwa na lita 5, nyuzi 20, ukiacha linalopotelea kwenye bati la tanki. Petroli, sehemu zake nyepesi, huanza kuchemka kwenye joto ambalo Dar es Salaam ya Februari inalikaribia bila msaada wa pampu. Mchoraji alilijua hilo: tazama mfuniko wa chini, utaona kitundu kidogo kando ya mfereji. Ni cha kutolea mvuke. Ukikuta kimezibwa na tope la tanki, pampu hiyo imeteseka.

Na sisi hapa tunajaza vipi? "Niwekee ya elfu kumi." Hiyo ni lita chache tu. Siwalaumu, mtu anaendesha kwa programu za usafiri, anaweka mafuta kwa hela aliyoipata asubuhi ile. Ila Goba ni milima. Panda kutoka Makongo Juu, au shuka Kulangwa upande tena, gari linainua pua, petroli kidogo iliyomo inakimbilia nyuma, na soksi ya pampu, yaani kichujio cha mdomo wake wa chini, inabaki inanyonya hewa. Watu husema pampu inaungua kwa sababu kichwa chake kimetokeza juu ya mafuta. Si hivyo. Inapozwa na petroli inayopita ndani, kwa hiyo maadamu inavuta petroli, mwili wake ukiwa hewani si neno. Zinazoiua ni zile sekunde inazovuta hewa: kupozwa hakuna, kulainishwa hakuna, kisahani kinagusa mfuniko. Kwenye pampu za huku nakuta mikwaruzo ya duara inayong'aa kwenye mifuniko, na kaboni zimelika upande.

Mteja mmoja, mama wa jirani mwenye Passo, alinieleza dalili vizuri kuliko kompyuta: "Fundi, gari inakata kwenye mlima tu. Nikifika juu inawaka yenyewe kama haikuwa na shida." Nilimwomba ajaze nusu tanki kwanza kabla sijafungua chochote. Mlima ukapandika. Pampu yake ilikuwa nzima.

Katika hili nawasihi mafundi wenzangu: pimeni kabla ya kung'oa. Weka multimita kwenye soketi ya pampu huku injini ikifanya kazi. Ukikuta volti 10 badala ya 13, tafuta rilei iliyochoka au waya wa bodi uliooza, kwa sababu pampu hiyo inanyimwa umeme. Kuhusu mafuta machafu, wengi wanalalamikia mafuta ya taa. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji nchini, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usilipe. Mafuta ya taa yanaiumiza injini kuliko yanavyoiumiza pampu. Adui wa pampu ni maji: ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, pale pale soksi inapovuta.

Turudi kwenye ile hewa ya mlimani: kwa ajili yake nimekuwa nikichora bakuli la kuishikia pampu petroli. Baadhi ya magari yanatoka kiwandani na bakuli linaloizunguka pampu, mengine yanategemea kuta ndogo ndani ya tanki. Yasiyo na bakuli ndiyo yanayonipa kazi. Ugumu wa kwanza ni tundu la tanki chini ya kiti cha nyuma, ambalo halizidi sana upana wa kiganja, na kila kitu lazima kipite hapo pamoja na mkono wa geji ya mafuta. Bakuli langu lina kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha 10. Ukitoa nafasi ya pampu inabaki kama mililita 390. Injini ndogo ikipanda kwa kutumia lita 15 kwa saa inakula mililita 4 na kitu kwa sekunde, kwa hiyo bakuli linampa dereva dakika moja na nusu ya mlima bila kuvuta tone kutoka nje, mradi mafuta ya ziada ya regulata yarudi humo humo. Kwenye magari ya kizazi hiki regulata ipo tankini, basi ni kuelekeza mdomo wake tu.

Lakini mafuta yakizunguka mahali padogo yanapata joto: kwa dakika moja na nusu hiyo, wastani wa nyuzi 7 hivi, na zaidi bakuli likikaribia kwisha. Nimekubali bei hiyo. Nyuzi 7 kwa muda mfupi ni afadhali kuliko sekunde 5 za hewa, na gari likifika tambarare petroli mpya inaingia kupitia vali ya mpira iliyo chini ya bakuli.

Vali hiyo ndiyo imeninyima usingizi. Mpira wa tyubu ukiulaza kwenye petroli, asubuhi umevimba na umelegea kama uji. Hata viwanda vikubwa vimeumizwa na jambo la jamii hiyo: mwaka 2020 Toyota iliita mamilioni ya magari duniani yarudi kutengenezwa kwa sababu visahani vya pampu vilinyonya mafuta, vikavimba na kukwama katika ile nafasi nyembamba. Mimi natumia plastiki ya asetali kwa bakuli, inachongwa na fundi wa mashine Gerezani, na mpira wa vali naukata kutoka kwenye oringi za nozeli, zinazotengenezwa kuvumilia petroli. Kabla ya kuufunga naulaza kwenye petroli wiki nzima, napima unene kabla na baada.

Sasa nipo kwenye Noah. Tanki lake ni bapa, kimo cha sentimita 10 hakiingii, na nikilipanua bakuli halipiti tunduni. Nachora la vipande viwili vinavyounganishwa ndani kwa mkono mmoja, bila kuona.