Ibada ya Saa Moja Asubuhi



Leo nataka kutubu mbele yenu. Kwa miaka mingi nimesimama madhabahuni nikiwacheka ndugu zetu Waanglikana. "Wanasoma maombi kama risiti ya dukani!" Nanyi mlicheka, mkasema amina.

Mwaka jana mke wangu alilazwa. Jumapili moja nilikuwa nimekesha hospitalini, kinywa kimekauka. Mimi ninayeongoza maombi saa tatu mfululizo, nilikosa neno hata moja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa la ACK. Nikaingia, nikakaa nyuma kabisa.

Parokia kama ile huwa na ibada kadhaa. Kuna ya Kiingereza, kuna ya Kiswahili yenye kwaya, kuna ya vijana. Jumapili nyingine ni Sala ya Asubuhi: maungamo, zaburi, somo la Agano la Kale na la Agano Jipya, Imani ya Mitume, kisha maombi. Nyingine ni Ushirika Mtakatifu. Ile ya saa moja ilikuwa Ushirika, watu wachache, bila kwaya wala kinanda.

Mzee mmoja alinisogezea kitabu, akanionyesha mstari kwa kidole. Hakuniuliza jina. Tukaungama pamoja, machozi yakanitoka. Maneno niliyoyakosa usiku kucha yalikuwa pale, yameandikwa.

Katika utaratibu wa Ushirika waliotoa hapa Kenya mwaka 1989, mwishoni watu hurusha mikono kuelekea msalabani, wakimwachia Kristo shida zao zote. Nami nilirusha yangu. Nikamtaja mke wangu kimoyomoyo.

Soma Mathayo 26:44. Gethsemane, Bwana Yesu aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Nililisoma andiko hilo tangu chuo cha Biblia na sikuwahi kuliona. Moyo unaweza kulala kitabu kikiwa mkononi, na unaweza kulala hata ukinena kwa lugha.

Mke wangu yuko nyumbani, utukufu kwa Mungu. Nami sijahama; Ijumaa kesha liko palepale. Lakini yule mama niliyemwambia atupe kitabu chake cha sala alipojiunga nasi: mama, nisamehe. Kama bado unacho, kiweke karibu na kitanda.

Nani leo amekosa maneno? Andika "niombeeni" tu. Tutaomba kwa niaba yako.

Amina.