Si Msalaba wa Kanisa

Nimezaliwa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa kitivoni, lakini jumba la makumbusho la mji nilikuwa nalipita tu kwa basi. Aliyeniingiza ni nkambo, mama ya mama yangu. Alikuja kutoka upande wa Bunkeya kutibiwa macho, akachoka kukaa uani kwetu Kenya (nasema komini, si nchi), akataka nimtembeze.

Ndani tulisimama mbele ya misalaba ya shaba ya Katanga. Kikaratasi kilisema « croisettes ». Nkambo hakusoma shule, kwa hiyo nikamtafsiria kwa Kiswahili safi cha darasani: hii ni misalaba midogo.

« Ya mapadri? »

Nikamwambia hapana, ilikuwapo kabla ya mapadri kufika.

« Basi haiko musalaba. Ile njo mukuba. »

Akaanza kueleza, kwa sauti ya uani, mimi nikitazama huku na huku kama tunafukuzwa. Mavuno yakiisha, kiangazi, wanaume walihama kwenda kwenye mawe ya kijani. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ikiyeyuka waliimimina katika umbo lililochimbwa chini, na vipande vile vilitolewa mahari. Haya aliyasikia kwa nkambo yake mwenyewe. Alisema Kiswahili, na pale Kiswahili chake kilipofika mwisho alichukua neno la Kisanga, akaendelea bila kusimama.

Mimi, juma lile lile, nilikuwa nimekabidhi kazi ya kurasa 12 nikidai kwamba Kiswahili cha kwetu hakina maneno ya ufundi wa madini. Nilitafuta katika kamusi mbili. Nyumbani sikuuliza mtu.

Ili nisionekane mjinga kabisa nikamtolea ya vitabuni. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi kuanzia 1957. Misalaba ya namna hii ilikutwa humo, mingine karibu na mikono ya wafu, na kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na ya kipimo kimoja, ndiyo maana wataalamu wanaiona kuwa feza.

« Feza njo vile, » akasema nkambo. « Inapungukaka. »

Tangu siku ile nasoma upya habari za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu wa miaka ya 1970, aliyechora historia ya nchi katika picha zaidi ya 100 na kumweleza Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili cha hapa hapa. Picha hizo ziko Amsterdam. Maelezo yake sisi tunayasoma kama matini ya isimu, nami niliwahi kuyahesabia maneno ya Kifaransa kana kwamba ni makosa. Wenzangu hupenda zaidi Picha, na kweli biennale yao, iliyoanza 2008, inachangamsha mji. Nendeni. Lakini kwenye makumbusho nendeni na mzee, tena asiyesoma vikaratasi.

Nkambo aliporudi kwao nilikwenda kuomba kazi yangu niisahihishe. Nilichelewa, alama zilikuwa zimetoka: 14 juu ya 20.