Heshima ya Kikapu Kimoja



Mara hii tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya desturi ya wachezaji wa mbali, watu wasiolipwa chochote kwa mchezo wao na ambao majina yao hayatangazwi redioni. Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Hapa Minova hatuna uwanja wake. Sisi tumeufahamu kwa kusoma na kwa kutazama video katika simu, kama wengi wenu mnavyozifahamu ligi za mpira za Ulaya. Lakini namna wachezaji hao wanavyosherehekea mtupo mmoja mzuri inagusa jambo ambalo sisi, tuliosomea ualimu, tunakutana nalo kila mwisho wa mwaka wa shule.

Kwanza tuueleze mchezo. Gofu ya kawaida, ile inayochezwa Nairobi au Entebbe, hudai fimbo, mipira midogo na nyasi zinazotunzwa kwa gharama kubwa. Gofu ya visahani hudai kisahani cha plastiki tu, na mara nyingi huchezwa katika bustani za umma, katikati ya miti. Mchezaji husimama mahali pa kuanzia, akarusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma kilichowekwa juu ya mlingoti. Juu ya kikapu huning'inia minyororo, ambayo kazi yake ni kukizuia kisahani na kukiangusha ndani. Kisahani kisipofika, mchezaji hukifuata mahali kilipoanguka na kurusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie. Kisha anaelekea kikapu kinachofuata. Kwa kawaida uwanja una vikapu 9 au 18. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa mwaka 1975 huko Oak Grove, katika jimbo la California, Marekani. Aliyeuanzisha ni Ed Headrick, na ndiye pia aliyebuni kikapu cha minyororo.

Mwanafunzi anaweza kushangazwa na hesabu ya mchezo huu, kwa maana alama ndogo ndiyo iliyo bora. Kila mtupo huhesabiwa alama moja, na anayevimaliza vikapu vyote kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Kila kikapu kimepangiwa idadi yake ya mitupo, tuseme mitatu. Anayetumia pungufu kwa mmoja husemwa kwamba amepata ndege. Anayetumia pungufu kwa miwili amepata tai. Majina hayo yamerithiwa kutoka gofu ya kawaida. Na anayekitia kisahani kikapuni kwa mtupo wa kwanza kabisa, wenzake husema amepata eisi, yaani ile karata yenye alama moja.

Wapo wanaocheza kwa fedha na sifa. Mwaka 2021, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Ogden, Utah, mchezaji James Conrad alifika kikapu cha mwisho akihitaji kukitia kisahani kutoka umbali wa mita 75 hivi, la sivyo ubingwa ungemponyoka. Alirusha, kisahani kikaingia, akalingana na Paul McBeth aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara tano. Kisha akamshinda katika mchezo wa nyongeza. Mtupo ule umetazamwa na watu wengi sana. Hata hivyo, si huo unaotushughulisha leo.

Tunaowafikiria ni watu wa ligi ndogo. Hao hukutana mara moja kwa juma, baada ya kazi: fundi, muuguzi, mwanafunzi, mzee aliyestaafu. Hugawanyika katika vikundi vya watu watatu au wanne, kila kikundi na kadi yake ya alama. Wengi wao hujua tangu mwanzo kwamba hawatashinda. Yupo daima mmoja au wawili wenye mkono bora kuliko wote. Lakini ikitokea kwamba mmoja wao, hata yule wa mwisho katika orodha, amepata eisi, mchezo husimama. Minyororo inalia, kikundi kinapiga kelele, na walio upande wa pili wa miti, ambao hawakuona kitu, wanaitikia kwa kelele zao. Watu hufika kumpa mkono. Kisha kalamu hutolewa, na walioshuhudia huandika majina yao juu ya kisahani kile pamoja na tarehe. Wachezaji wengi hawakirushi tena kisahani cha namna hiyo. Hukitundika ukutani nyumbani.

Ligi nyingi zina pia mfuko. Kabla ya kuanza, kila apendaye hutoa fedha kidogo. Anayepata eisi siku hiyo huuchukua mfuko. Asipopatikana mtu, fedha husubiri juma linalofuata. Aliyepata eisi bila kuchangia hapewi fedha, na hakuna anayelalamika, maana ndivyo walivyokubaliana. Lakini makofi na majina juu ya kisahani huyapata sawasawa na aliyechangia.

Mambo matatu katika desturi hii yametufikirisha.

La kwanza ni kwamba wanaoshangilia ni wapinzani. Mtupo wa mwenzao unawaumiza katika hesabu, kwa kuwa umemshusha alama na kuwaacha wao juu. Hata hivyo wao ndio mashahidi, na bila wao sherehe haipo. Mtu akipata eisi akiwa peke yake bustanini, jioni atawasimulia wenzake, nao watamsikiliza wakitabasamu. Lakini ni nani atakayetia jina lake juu ya kisahani? Tendo jema huhitaji jicho la mwingine ili liweze kusimuliwa bila shaka.

La pili ni kwamba kadi haidanganyi. Baada ya kila kikapu, kila mchezaji husema hesabu yake mbele ya kikundi, nayo huandikwa. Eisi huandikwa 1. Kama katika kikapu kinachofuata mtu yuleyule amegonga miti na kutumia mitupo sita, huandikwa 6, na hakuna anayesema: "Tumwachie, leo ni siku yake." Sheria za mchezo humwongezea mitupo miwili anayekabidhi kadi yenye jumla isiyo sahihi. Wapendwa, tuliangalie jambo hili kwa makini. Ile 1 ina thamani kwa sababu ile 6 nayo iliandikwa. Mahali ambapo kila mtu husifiwa kwa kila kitu, hakuna anayesadiki sifa aliyopewa.

La tatu ndilo tunalolipenda kuliko yote. Aliyetumia mitupo michache zaidi katika kikapu kimoja ndiye anayetangulia kurusha katika kikapu kinachofuata. Basi heshima yake ni kuianza kazi mpya kabla ya wengine. Nayo hadumu nayo siku nzima, kwani mwenzake akifanya vema zaidi hapo mbele, humpokonya kwa haki. Hivyo aliyepata eisi hana muda wa kulala juu ya sifa. Wakati minyororo bado inatikisika, yeye tayari anaitwa: "Tangulia."

Sasa turudi kwetu. Sisi Wakongo tunajua kushangilia. Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitangazwa, mmewaona waliofaulu wakivaa nguo nyeupe na kumiminiwa poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa kama za wazee. Mama zao wanapiga vigelegele, pikipiki zinapiga honi njia nzima. Ni furaha nzuri, na sisi tumekwisha kurudi nyumbani mara nyingi tukiwa na poda hiyo mabegani. Lakini furaha hiyo hungoja jumla. Aliyefikisha asilimia 50 humiminiwa poda. Asiyefikisha hujifungia chumbani, hata kama siku mojawapo ya mtihani aliandika jibu ambalo hakuna mwingine darasani aliyelifikia.

Na tuseme ukweli: katika miaka hii, vijana wengi wa kando ya ziwa letu wana kadi zisizoweza kutoa jumla nzuri. Yupo aliyekimbia vita mara mbili na kupoteza miaka miwili ya masomo. Yupo aliyefika kwetu kutoka kijiji kingine bila buletini wala cheti. Yupo aliyeacha shule ili abebe mizigo bandarini, wadogo zake wapate kula. Kijana wa namna hiyo akifundishwa kwamba jumla peke yake ndiyo inayostahili kushangiliwa, atahitimisha kwamba maisha yake hayana chochote cha kushangilia. Na anayehitimisha hivyo huwa tayari kumfuata yeyote atakayemwita jina zuri, hata akiwa amebeba bunduki.

Katika darasa letu alipata kurudi binti mmoja aliyekaa nje ya shule kwa muda mrefu. Jaribio lake la kwanza la hesabu lilimpa pointi 4 kwa 20. Lakini swali moja, la kugawanya mavuno ya kahawa kati ya wakulima watatu, alikuwa amelifanya kwa mpangilio safi kuliko darasa zima. Tuliandika 4, kwa kuwa ni 4 aliyoipata. Kisha tukamwita ubaoni alieleze swali lile. Alieleza kwa sauti ndogo, chaki ikimtetemeka mkononi. Alipomaliza, kijana aliyekuwa wa kwanza darasani alisema: "Mwalimu, mimi sikulifikiria hivyo." Darasa likapiga makofi. Pointi nne zilibaki nne. Lakini juma lililofuata binti yule aliacha kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akaketi safu ya pili.

Uwanjani pia tumeliona jambo hilo. Katika mechi moja ya vijana, timu iliyofungwa mabao matano ilikuwa na kipa mdogo wa umbo. Karibu na mwisho wa mchezo aliudaka mpira wa penalti. Mchezaji aliyeupiga, ambaye timu yake ilikwisha kushinda, alimwendea, akamwinua na kumpa mkono mbele ya watu wote. Matokeo yalibaki yale yale. Lakini njiani kurudi nyumbani watu walizungumza juu ya penalti ile kuliko mabao yote matano.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Je, eisi si bahati tu? Kisahani kinaweza kugonga mti, kikapinda na kuangukia kikapuni." Ni kweli, hutokea, na wachezaji hushangilia huku wakicheka. Hawadai kwamba mwenzao amekuwa bingwa. Lakini wanajua pia kwamba bahati hiyo haijampata aliyebaki nyumbani. Mnapokwenda ziwani na kurusha mawe bapa ili yarukeruke juu ya maji, lipo jiwe moja linalokwenda mbali kuliko mlivyotarajia. Aliyelirusha hawezi kueleza lilivyotokea. Ila mkono wake ulikwisha kurusha mawe mengi kabla ya hilo.

Mwingine atauliza: "Je, kushangilia jambo dogo hakumfanyi mtu aridhike mapema na kuwa mvivu?" Kunaweza kumfanya hivyo, kama kukitengwa na yale mambo mengine mawili, yaani kadi ya kweli na mwito wa kutangulia. Makofi bila kadi huzaa majivuno. Kadi bila makofi huzaa watu waliokata tamaa, nao wapo wengi tayari. Na makofi yasiyofuatwa na kazi mpya hunyauka jioni ileile, kama majani yaliyokatwa asubuhi.

Kwa hiyo tunawapendekezea jambo jepesi. Mnapomaliza mkutano wa kikundi chenu, au mechi, au kazi ya kusafisha njia, tengeni dakika tano. Mmoja aseme ni tendo gani jema aliloliona kwa mwenzake siku hiyo, na lisiwe lake mwenyewe. Alitaje kwa usahihi: ni nani, alifanya nini, na wapi. Asiongeze chumvi. Kama siku ilikuwa mbaya, isemwe pia kwamba ilikuwa mbaya. Kisha aliyetajwa apewe heshima ya kuanza kazi ya mkutano ujao, iwe kuongoza mazungumzo, kutunza ufunguo, au kwenda kumwona mgonjwa kwa niaba ya wote. Msiwatafute daima walewale. Macho yenu yakizoea, mtayaona mengi kwa wale ambao jumla yao haijawahi kumpendeza mtu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni lini mara ya mwisho ulimshangilia kwa moyo mtu aliyekuwa mpinzani wako? Ni nini kilichokuwezesha, au kilichokuzuia?

2. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye hatujawahi kulitaja tendo lake jema? Nani kati yetu yuko tayari kuwa shahidi wake?

3. Tunapowasifu wadogo zetu, je, huwa tunawaambia pia ukweli wa kadi yao? Na tunapowaambia ukweli huo, je, huwa tunakumbuka kutaja kikapu kimoja walichokitia vema?