Goti la Mama

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajab, Mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Wanaozifahamu nyumba hizi za mawe wanazijua ngazi zake: vipandio ni virefu, vyembamba, na vimelainishwa na nyayo za vizazi. Hakuporomoka hadi chini. Mguu wa kulia ulibaki kipandioni, mwili ukageuka, na goti likasukumwa kwa ndani. Alikaa pale pale, akasema, "Alhamdulillahi, sikuvunjika," kisha akaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu maziko ya marehemu Baba.

Hospitalini alipigwa eksirei, na mifupa ilikuwa mizima. Daktari akalishika goti, akalisukuma taratibu upande huu na upande huu, akatueleza kwamba kano ya upande wa ndani, ile inayoufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi, imevutika na kuchanika kwa sehemu. Haikuhitaji kupasuliwa. Akaandika kwenye karatasi kwamba avae kishikizo cha goti chenye bawaba, nasi tukaondoka. Sikumwuliza ni kishikizo cha namna gani. Nilidhani ni cha namna moja tu.

Dukani nilionyeshwa vingi. Ndugu zangu wawili wanaofanya kazi Arabuni walikuwa wameshatuma pesa na kunisisitiza nimnunulie Mama kilicho bora kabisa. Muuzaji hakuniuliza mgonjwa ana nini, nami sikumweleza. Nikachagua kilichokuwa kirefu na kizito kuliko vyote, kinachoanza karibu na nyonga na kuishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, chenye vyuma ubavuni na bawaba za mviringo zilizoandikwa nambari. Ndicho pia kilichokuwa ghali kuliko vyote. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtoto aliyetimiza wajibu wake.

Alikivaa siku 9. Bawaba zilitoka dukani zikiwa zimekazwa ili mguu unyooke, nami nikaziacha vivyo hivyo. Mama hakuweza kulikunja goti hata kidogo. Akawa hawezi kushuka ngazi, hawezi kukaa kitini bila mguu kutokeza mbele kama ubao, hawezi kwenda chooni pasina mimi. Aliswali kitandani, kimya, naye ni mwanamke aliyezoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri na kutandika mswala wake kando ya dirisha. Nilimlisha, nilimwosha, nilimvisha. Majirani waliokuja kumjulia hali walinisifu kwa kumfanyia mzazi ihsani, na sitaficha kwamba sifa hizo zilinifurahisha.

Siku ya 9 niliona kwamba gilasi ya maji niliyomwekea asubuhi ilikuwa imejaa vile vile. Nilipomuuliza sana, akasema, "Mwanangu, nikinywa maji nitataka kwenda chooni, na nikitaka kwenda chooni sina budi nikuite. Nikuite mara ngapi kwa siku?" Mama ana maradhi ya sukari, kukaa na kiu kwake si jambo dogo. Nilipokifungua kishikizo usiku ule, nikakuta mkanda wa chini umemchubua nyuma ya mguu. Hakuwa amehisi. Maradhi ya sukari yanapodumu humpunguzia mtu hisia za miguuni, na ngozi huweza kuumia bila mwenyewe kujua.

Kesho yake nilimpeleka kwa bibi mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikitazama kile kishikizo, akanitazama mimi, akauliza bila ukali, "Nani amepasuliwa?" Akatueleza kwamba vishikizo virefu vya namna ile hutengenezwa hasa kwa ajili ya waliofanyiwa upasuaji au walioumia vibaya. Zile nambari kwenye bawaba ni nyuzi za pembe: tabibu huanza kwa kulifunga goti linyooke, kisha hulifungulia kidogo kidogo kadiri linavyopona. Kwa Mama, aliyechanika kano moja kwa sehemu, kifaa kile kilikuwa kimemzuilia hata mikunjo ambayo goti lake lilikuwa bado linaiweza. Misuli ya paja isipofanya kazi hunywea upesi, na goti lenye misuli dhaifu huyumba zaidi kuliko lilivyoyumba mwanzo. Mguu usiosogezwa kwa siku nyingi huweza pia kuganda damu katika mishipa. Alitusihi kwamba shavu la mguu likivimba na kuuma, tusingoje kesho, twende hospitali.

Kisha akatuonyesha mlango wa chumba chake. Bawaba huuacha mlango ufunguke na ufungwe, lakini haiuachi uyumbe kwenda pembeni. Kishikizo chenye bawaba hufanya hivyo hivyo: huliacha goti likunjwe na kunyooshwa, na hulizuia lisiegemee ndani wala nje. Kwa hiyo, alisema, kabla ya kununua, mtu asiulize kipi kina nguvu zaidi. Aulize goti lake limeshindwa nini.

Kama goti linauma tu, lina ukakamavu wa uzee, wala haliyumbi, mara nyingi soksi ya goti iliyofumwa kwa mpira yatosha. Hubana kidogo na kuleta joto, lakini haizuii goti kwenda pembeni. Kama kano ya ubavuni imevutika au kuchanika kwa sehemu, kinachofaa ni kishikizo cha wastani: kitambaa kizito kinachozungushwa gotini, chenye bawaba mbili ubavuni na mikanda ya kunata. Hiki ndicho kilichomfaa Mama. Kama zimekatika kano zinazopishana katikati ya goti, au zaidi ya moja, hutumiwa chenye fremu ngumu ya chuma chepesi, na hicho hakinunuliwi bila kauli ya tabibu. Ipo pia namna nyingine kwa wazee ambao gegedu imelika upande mmoja tu wa goti. Hicho huusukuma mguu kidogo ili uzito uhamie upande ulio mzima. Ukikimvisha mtu asiye na tatizo hilo, wamhamishia uzito pasipo haja.

Alichukua utepe kama ule wa fundi cherehani. Akapima mzingo wa goti katikati ya pia yake, mzingo wa paja kiasi cha sentimita 15 juu ya hapo, na mzingo wa shavu la mguu kiasi hicho hicho chini yake, kisha akalinganisha na jedwali la mtengenezaji, kwani kila mtengenezaji ana jedwali lake. Mimi nilikuwa nimekisia kwa macho. Nawaeleza dada zangu jambo hili kwa makusudi, maana wengi wetu huona haya kupimwa paja dukani na muuzaji mwanamume, tukaishia kuchukua kinachoonekana kutosha. Si lazima iwe hivyo. Vipimo vyaweza kuchukuliwa nyumbani na binti au dada, vikaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa dukani.

Kukivaa nako kuna adabu yake. Mtu hukaa, akalikunja goti kidogo. Katikati ya bawaba huwekwa usawa wa katikati ya pia ya goti. Ikiwa juu au chini ya hapo, kishikizo hukunjika mahali pamoja na goti mahali pengine, na hapo ndipo ngozi huchubuka. Kwa kile tulichopewa, mkanda wa chini ya goti ulifungwa kwanza ili kisiteremke, kisha wa juu. Kidole kiweze kupita chini ya mkanda. Vidole vya mguu vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, kifunguliwe mara moja. Kwa mwenye sukari, ngozi ikaguliwe kila siku kwa macho, asitegemee maumivu yamwambie. Na kwa joto letu la pwani, ni bora chenye matundu ya hewa, kioshwe kwa mkono baada ya kuchomoa vyuma, na kianikwe kivulini.

Mama alisikiliza yote hayo kwa subira, kisha akauliza swali lililokuwa likimkera tangu siku ya kwanza: "Na kusujudu?" Yule bibi akamwambia kwamba kulikunja goti lote na kuliegemeza chini kungoje wiki 6. Mama akainamisha kichwa. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na katika maisha yake hakukumbuka mwaka ambao hakusimama tarawehe.

Jioni ile tulikwenda kwa maalima wake wa darsa la wanawake. Maalima alimkumbusha habari ya Imran bin Huswayn, radhi za Allah zimshukie, aliyekuwa na maradhi akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu swala. Alielekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Mama akasema habari hiyo aijua, ndiyo maana ameswali kitandani. Maalima akatabasamu. "Lakini wewe, Bi Mkubwa, umeshindwa kusimama?" Mama akanyamaza. Hakuwa ameshindwa kusimama; ni mimi niliyemlaza. Maalima akaeleza kanuni waliyoiweka mafakihi, kwamba lile linalowezekana haliondoki kwa sababu ya lile lisilowezekana. Anayeweza kusimama asimame katika kisomo chake. Anaposhindwa kusujudu, akae kitini na aashirie kwa kuinama. Hasamehewi kisimamo kwa sababu ya udhuru wa sijida, wala halazimishwi sijida kwa sababu anaweza kisimamo. Kuhusu udhu, goti si katika viungo vinavyooshwa, kwa hiyo kishikizo hakiuzuii. Wakati wa josho kinavuliwa, kwa kuwa kinavulika.

Nilirudi nyumbani nikitafakari kwamba watu wawili, mmoja wa tiba na mmoja wa fiqhi, walikuwa wamenieleza jambo moja kwa siku moja. Nilikuwa nimemwondolea Mama hata yale aliyoyaweza, nikaita mapenzi. Kishikizo kile kirefu sikukinunua kwa kuangalia goti lake. Nilikinunua kwa kuangalia hofu yangu, na pesa za ndugu zangu, na jinsi kitakavyoonekana mbele ya wageni.

Tukaanza upya. Kishikizo cha wastani alikivaa akiwa anatembea, na kwa hali yake aliruhusiwa kukivua anapolala. Mara kadhaa kwa siku alikaza misuli ya paja akihesabu hadi 5, kisha akainua mguu ulionyooka na kuushusha polepole. Alihesabu kwa tasbihi yake. Mswala ulirudi kando ya dirisha, kiti nyuma yake. Nilijifunza kumwuliza kabla ya kumshika, na mara nyingi jibu lilikuwa, "Hapana, mwanangu, niache nijaribu." Maji akawa anayanywa.

Mwishoni mwa Shaabani yule bibi alilipima goti tena, akalikuta limetulia, akamwambia aanze kupunguza saa za kukivaa, na sijida airudishe taratibu juu ya mto laini. Usiku wa kwanza wa Ramadhani, Mama alivaa buibui lake na kusema anakwenda msikitini, upande wa wanawake. Nilitangulia mbele ngazini, kwa kuwa nikiwa chini yake naweza kumpokea akiteleza. Aliweka mkono ukutani, akatanguliza mguu ulioumia, kisha ule mzima, kipandio kimoja baada ya kingine. Mikono yangu ilitaka kumshika kila hatua. Niliizuia. Alipofika chini alinipa mkoba wake niubebe, akaufungua mlango mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujaalie kuwatumikia wazazi wetu kwa kadiri ya haja yao. Amin.