Kampuni Gani Haina Namba?

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nilijiambia cheti ni karatasi tu. Hilo ni rahisi kusema mpaka uanze kutafuta kazi. Kilichoniokoa ni jukwaa la kampuni moja ya ng'ambo, ambako wateja hutangaza kazi na sisi waandishi tunazing'ang'ania. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika maelezo ya taulo na mapazia ya bafu, dola 8. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimemaliza kazi 212, nina nyota 4.9, na watu nisiowahi kuwaona wameandika kwamba mimi ni wa kutegemewa. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia Mama. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nilisomea wapi. Ile profaili ndiyo ilikuwa digrii yangu.

Ikafungwa Jumanne moja usiku. Barua pepe ilisema nimekiuka masharti. Sharti lipi? Kimya. Ndani mlikuwa na dola 340, na kodi ya nyumba hulipwa tarehe 5.

Nilikata rufaa. Jibu likaja baada ya dakika tatu: tumekagua kesi yako kwa makini, uamuzi ni wa mwisho. Dakika tatu! Ukibonyeza "Wasiliana nasi" unapelekwa kwenye orodha ya maswali, na mwisho wa orodha kuna kitufe cha "Wasiliana nasi". Nilizunguka hapo kama matatu inayotafuta abiria.

"Si uende ofisini kwao?" Mama akaniuliza kwa simu.

"Ofisi iko Marekani, Mama."

"Basi wapigie."

"Hawana namba."

"Kampuni gani haina namba? Hata kijana wa kuniletea gesi ako na namba."

Nina dhana yangu. Kwenye ploti yetu hapa Zimmerman, waifai ni moja kwa vyumba 12, kila mtu anachanga mia tano. Huko nje vyumba vyote vinaonekana kama anwani moja ya mtandao, na jirani yangu naye anaandikia jukwaa lile lile. Mashine ya kusaka matapeli ikiona akaunti mbili kwenye anwani moja, inaona mtu mmoja mwenye sura mbili. Na matapeli wapo, tusidanganyane: Nairobi hii akaunti zinakodishwa kama suti za harusi. Lakini binadamu angeuliza swali moja, nimtumie kitambulisho, yaishe.

Si sisi tu. Agosti 2022, New York Times liliandika kuhusu baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha za uvimbe wa mwanawe ili daktari aone. Mashine ya Google ikamhesabu mhalifu. Polisi walichunguza wakakuta hana kosa, na bado hakurudishiwa akaunti yake, barua na picha za miaka zikaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba binadamu wa kukagua wapo, tena wengine walikuwa hapa hapa. Kwa miaka kadhaa, vijana walioajiriwa na Sama jijini Nairobi ndio waliotazama machapisho ya kutisha ya Facebook ili wengine tusiyaone. Zaidi ya 100 kati yao waliishtaki Meta, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Si kampuni iliyonifungia mimi, lakini nikisoma habari hiyo nilicheka vibaya. Mtu wa kutazama maiti alipatikana Nairobi. Wa kunijibu barua hapatikani popote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na ya kuomba uangaliwe upya. Ina mianya yake, mkataba ukiwa mmojawapo, na nani asiyebonyeza "Nakubali"? Hata hivyo nilikitaja kifungu hicho kwenye barua yangu ya nne. Safari hii jibu lilichukua dakika mbili.

Kodi nilikopa kwa binamu yangu. Juzi mteja mpya, niliyempata kupitia rafiki, aliomba linki ya kazi zangu za awali. Nimemtumia ile picha ya skrini. Bado hajajibu.