Tudor: Mlango Uliofunguliwa kwa Kutoa



Msomaji mpenzi, juma hili twende pamoja safari fupi, aghalabu ndani ya kisiwa chetu hiki cha Mvita. Kusafiri si lazima kuvuke bahari. Huenda mtu akapita mahali kila siku kwa miaka 30 asijue mahali hapo pamebeba nini, mpaka siku moja asimame akapatazama.

Tuanzie Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Jirani na ngome hiyo yako makaburi ya Mazrui, na humo ndimo alimozikwa Profesa Ali Mazrui mwezi wa Oktoba 2014. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Kabla ya hapo, Sheikh Al-Amin alitoa magazeti mawili hapa Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa Pwani washike dini yao na wakati huohuo wasiyaache masomo ya zama zao. Aliona ya kwamba jamii inayoyapa mgongo masomo hayo itakuja kuongozwa na wengine.

Wengi wetu twamjua mwanawe kwa vitabu vyake na kwa jina lake kubwa ulimwenguni. Wachache wajua kwamba kijana Ali alipofanya mtihani wa kumaliza sekondari alipata daraja ya tatu, na Chuo cha Makerere hakikumpokea. Mlango ulifungwa. Aliajiriwa kuwa karani katika taasisi moja iliyoko Tudor, na huko ndiko tuendako sasa.

Kutoka Ngomeni, tuktuk itakupitisha Makadara na Tononoka, kisha ikushushe Tudor, penye lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Vijana wakiingia na kutoka, wengine na mikoba mgongoni, wengine na buibui na hijabu, huenda usiwaze kuwa ardhi hii ilianza kazi yake kwa jina jingine. Wazee wetu walikiita MIOME, yaani Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu. Ilianzishwa kuwa amana mwaka 1948, kwa fedha zilizotoka kwa Sultani wa Unguja, kwa Aga Khan, kwa jamii ya Mabohora, kwa serikali ya kikoloni, na kwa Sheikh Khamis wa hapa Mombasa. Shabaha ilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwezi wa Mei 1951.

Hebu tulitafakari hilo. Watu wa madhehebu mbalimbali na nchi mbalimbali walitia mkono mfukoni ili mtoto wa mtu wasiyemjua apate kusoma. Na katika nyumba hiyo, kijana aliyekataliwa na Makerere alipata pa kusimama. Siku moja ya Maulidi alihutubia mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, naye gavana akavutiwa na maneno yake, na hiyo ikawa njia ya kupata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966. Makerere ileile ikamchukua awe profesa wake.

Tusimsome Ali Mazrui kama hekaya ya kipaji peke yake. Vipaji tunavyo katika kila mtaa wa Pwani. Tuyatazame yale yaliyokizunguka kipaji chake: kazi ya kumsitiri wakati mlango umefungwa, watu wa kumsikiliza, na fedha za kumsomesha mpaka mwisho.

Taasisi yenyewe iliendelea kukua. Katika miaka ya 1960 iliwafungulia milango wanafunzi wa kila dini na kila kabila, na mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 ikawa Politekniki, jina ambalo wengi wetu bado twalitumia. Mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo ina matawi Kwale na Lamu.

Tukivuka daraja la Nyali tukashika barabara ya Malindi, mwendo wa kilomita 60 hivi, tutafika Kilifi. Huko, mahali palipokuwa chuo cha kilimo, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Pwani, nacho kilipata hati yake Januari hiyohiyo ya 2013. Maana yake ni kwamba tangu uhuru wa 1963, Pwani ilingoja karibu miaka 50 kupata vyuo vikuu kamili vya umma vyenye makao yake hapa kwetu. Kwa mingi ya miaka hiyo, mzazi wa Faza au wa Vanga aliyetaka mwanawe apate shahada katika chuo kikuu cha umma alimfungia mizigo aende bara, mbali na macho yake. Wengi hawakuthubutu, na kwa mabinti walikuwa wengi zaidi.

Basi leo chuo kiko mlangoni. Je, watoto wetu wanaingia? Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa waliopata C+ na zaidi, alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391 nchi nzima, yaani takriban mmoja katika kila wanne. Hao watatu waliobaki si wa kutupwa. Mwenye C- anaweza kuanza na diploma, na mwenye D ana kozi za cheti cha ufundi. Na aliyeanza na cheti akafaulu anaweza kupanda ngazi hadi diploma, kisha hadi shahada. Njia ni ndefu, lakini ni njia. Mama usikubali mwanao alale kitandani miaka miwili kwa sababu alikosa C+.

Hata hivyo, liko jambo zito kuliko kuingia. Neno letu la kuhitimu twalilitoa chuoni, katika khitma. Mtoto alipoanza alifu hakufanyiwa karamu. Karamu ilingojea siku atakapomaliza Msahafu, na siku hiyo wali ulipikwa, mwalimu akatunzwa na majirani wakaja kumpongeza. Wazee wetu walijua kuwa kuanza ni rahisi na kuhitimu ndiyo kazi. Kwa chuo kikuu tumeyageuza. Barua ya KUCCPS ikifika, sisi masheikh tunaitwa nyumbani kusoma dua, kanga zinatandazwa, na sambusa haziishi. Lakini ni nadra sana kuitwa nyumba hiyohiyo katikati ya mwaka wa pili, wakati mwana amezuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa deni la karo, au kodi ya chumba Kilifi imemshinda na ameanza kuendesha bodaboda ya mwenzake. Walioingia hutangazwa, na waliokatikia njiani hupotea kimya kimya.

Tuseme ukweli pia kuhusu riba. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wako wazazi wanaojizuia nayo kwa kumcha Mola wao, na uchaji huo ni wa kuheshimiwa. Lakini haitoshi kwetu kupanda mimbari tukakataza riba, kisha tukashuka tukamwacha binti wa mjane na ankara yake ya karo. Anayefunga mlango wa haramu ana wajibu wa kufungua wa halali. Ipo karadha njema, ambayo mkopeshaji hadai ila kile alichotoa. Ipo zaka, na wako wanavyuoni waliojuzisha apewe mwanafunzi fukara ambaye masomo yamemzuia kutafuta riziki. Na uko wakfu, ambao mali yake hubaki na faida yake hutumika. Kile kituo cha Tudor kilisimama kwa kutoa kwa namna hiyo. Waliotoa mwaka 1948 wameshatangulia mbele ya haki, na madarasa bado yanajaa kila asubuhi. Sadaka yenye kuendelea ikoje kama si hivyo?

Kwa hiyo, dada zangu, nyinyi mnaoendesha vyama vya akina mama vya kuchangiana arusi na matanga, tengeni fungu moja la kumalizisha. Lisiwe la kuanza, kwani la kuanza wengi huchangia. Liwe la yule aliyebakiwa na mihula miwili. Kila muhula unapofungwa, muulize mwanao kwa upole: umeandikishwa? Unadaiwa kiasi gani? Alama zako zote zimeonekana? Kijana huona haya kusema, na haya hiyo imewaangusha wengi kuliko ugumu wa masomo. Na ikiwa hali imekuwa nzito kabisa, na aandike barua ya kuahirisha masomo, nafasi yake ihifadhiwe, asitoweke bila habari.

Kwa mabinti nina neno moja zaidi. Posa ikija naye yuko masomoni, hiyo ni heri na hatuirudishi kwa sababu hiyo. Lakini walii na bwana harusi na wakae kabla ya nikaha, wakubaliane mbele ya mashahidi kuwa atahitimu, na nani atalipa. Ahadi ya maneno matamu hufifia fungate likiisha. Mapatano yaliyo wazi humlinda mke, na humlinda mume pia na ugomvi.

Ukipata fursa, wachukue wanao mpaka Tudor siku ya mapumziko. Waonyeshe lango, wasimulie ni nani waliotoa na ni karani gani aliyefanya kazi humo. Kisha wakiwa njiani kurudi waambie kuwa nyumbani kwenu mmeamua kungojea khitma.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa kutoa, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awajaalie watakaoanza wawe miongoni mwa watakaohitimu. Amin.