Rubani Akisema Leo Haturuki

Sheria ni ileile huku Marekani na nyumbani Afrika Mashariki. Hapa rubani kiongozi ndiye anayewajibika moja kwa moja kwa ndege yake, na kauli ya mwisho ni yake. Tanzania na Kenya nazo zinafuata kanuni za kimataifa zinazompa mamlaka hayo hayo. Kinachotofautiana ni watu wanaosimama kando ya ndege wakimsubiri.

Kwenye klabu ya ndege ndogo ninakorukia, Ohio, ukirudisha funguo hakuna anayekuhoji. Tunafundishwa kujikagua wenyewe kabla ya kuikagua ndege: Naumwa? Nimemeza dawa? Nina mawazo? Nimelala, nimekula? Pombe je, imepita saa 8 tangu ninywe? Kisha kila mmoja huandika mipaka yake akiwa ametulia nyumbani: upepo ukizidi kiasi fulani, au mawingu yakishuka chini ya kimo fulani, siruki.

Nyumbani Afrika Mashariki, rubani wa ndege ya kukodi kwenye kiwanja cha Wilson, Nairobi, au cha Arusha ana mheshimiwa anayewahi mkutano, ama watalii ambao usiku huohuo wanapanda ndege ya kurudi kwao. Kumwambia mtu mzima "hapana" mbele ya wapambe wake si jambo dogo. Simu moja kwa bosi, na kibarua kinaweza kuota nyasi.

Hata hivyo, tusiwasifu mno marubani wa huku Marekani. Tarehe 26 Januari 2020 helikopta iliyombeba nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant iliingia mawinguni na kuanguka Calabasas, California. Wote 9 walikufa. Asubuhi hiyo polisi wa Los Angeles hawakurusha helikopta zao kwa sababu ya ukungu. Wachunguzi hawakuona ushahidi kwamba kampuni au mteja alimsukuma rubani; walisema yaelekea alijisukuma mwenyewe.

Kwa hiyo ujasiri pekee hautoshi, kwa sababu hata asiyelazimishwa na mtu hujilazimisha. Mipaka iandikwe mapema, na kampuni zetu zimsomee mteja siku anapolipia, mheshimiwa asiachwe. Hapo rubani atakapokataa, hatakuwa amemvunjia mtu heshima. Atakuwa anatimiza walichokubaliana.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Ukiambiwa usubiri mawingu yapande, agiza chai. Ukimpigia bosi wake simu, umeshika usukani bila leseni.